Shajara ya mradi: pakiti ya akiba kati ya Debian, Ubuntu na Mint

Siku ya 1

Lengo nimeliandika juu kabisa ya daftari: faili moja la deb (faili la kusakinishia programu kwenye Debian na jamaa zake za Linux) la programu yetu `akiba`, lisakinishike kwenye Debian 11, 12 na 13, Ubuntu 22.04 na 24.04, na Linux Mint 22, bila mtumiaji kuhangaika na chochote.

Akiba hunakili mafaili kwenda kwenye seva ya mbali na kuweka kumbukumbu ya kilichonakiliwa. Kiini chake ni C, kinachotegemea maktaba nne: OpenSSL, curl, libarchive na SQLite. Pembeni ipo hati ya Python ya kutengeneza ripoti. Hadi leo pakiti tumekuwa tukiifunga kwa mkono kwenye kompyuta yangu yenye Ubuntu 24.04: tunaendesha `make`, tunapanga mafaili kwenye folda, tunaandika wenyewe orodha ya tegemezi (pakiti nyingine ambazo lazima ziwepo), kisha tunafunga kwa `dpkg-deb`. Watu wakiuliza kama itafanya kazi kwao, jibu letu limekuwa kwamba ilimradi distro yao (mfumo wao wa Linux) inatumia deb, itaingia. Nina barua nyingi za kuonyesha kwamba haiingii, na kila moja ni ya mtu aliyetaka kulinda mafaili yake akaishia kwenye ujumbe wa hitilafu. Mradi huu ni wa kuwalipa watu hao deni.

Kwanza ukoo wenyewe. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Ubuntu ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2004 ikichukua pakiti za Debian, na Mint ikaja 2006 ikikaa juu ya Ubuntu. Kwa hiyo ni mama, mtoto na mjukuu. Lakini Ubuntu haichukui toleo thabiti la Debian. Huchukua kutoka tawi lisilo thabiti, la kila siku, kisha hufunga mlango na kutengeneza toleo lake. Nimechora mstari wa wakati: Debian 11 (2021), Ubuntu 22.04 (2022), Debian 12 (2023), Ubuntu 24.04 (2024), Debian 13 (2025). Matoleo ya mama na mtoto yanapishana kama meno ya zipu. Mchoro huu nimeubandika ukutani, na nadhani tutaurudia sana.

Siku ya 2

Nimeanza na Debian 11, kwa kuwa ndiyo iliyolalamikiwa zaidi. `dpkg`, chombo cha kusakinisha deb, inakataa hata kulifungua faili, ikisema haijui ubanaji uliotumika kwenye `control.tar.zst`.

Faili la deb ni kasha la `ar` lenye vitu vitatu: `debian-binary`, ambalo lina namba 2.0 tu, kasha la taarifa za pakiti, na kasha la mafaili yenyewe. Makasha hayo mawili hubanwa. Ubuntu ilihamia ubanaji wa zstd kuanzia toleo la 21.10, huku `dpkg` ya Debian ikibaki na xz. Uwezo wa kusoma zstd ulifika Debian ikiwa toleo la 12. Kwa hiyo deb iliyofungwa Ubuntu 24.04 kwa mipangilio ya kawaida haisomeki kabisa kwenye Debian 11, hata kama ndani yake mna hati moja ya maandishi.

Dawa ni fupi: kuongeza `-Zxz` wakati wa kufunga. Faili limefunguka. Hapo ndipo Debian 11 ikasema haina `libssl3`, pakiti ya OpenSSL.

Siku ya 4

Debian 12 ndiyo iliyonifundisha zaidi wiki hii. Huko pakiti iliingia bila neno. Nikaandika `akiba`, nikagonga, na programu ikakataa kuwaka: `GLIBC_2.38` haipatikani.

Hitilafu ya aina hii ni mbaya kuliko ya siku ya 2, maana mtumiaji ameshaambiwa kila kitu kiko sawa. Kosa liko kwenye orodha yetu ya tegemezi. Tuliandika `libc6`, pakiti ya glibc, maktaba ya msingi ya C, bila namba ya toleo, na kila distro ya ukoo huu ina `libc6`. Nimekusanya matoleo yake: Debian 11 ina glibc 2.31, Ubuntu 22.04 ina 2.35, Debian 12 ina 2.36, Ubuntu 24.04 ina 2.39 na Debian 13 ina 2.41. Yafuate kwa tarehe na utaona yanapanda bila kurudi nyuma hata mara moja, Debian na Ubuntu zikipokezana. Yapange kwa ukoo, Debian upande huu na Ubuntu upande ule, na hutaweza kusema upande upi ni mpya kuliko mwingine.

Nilitaka kujua ni nini hasa tunachokihitaji kutoka 2.38. Nikaendesha `objdump -T` juu ya programu, nikachuja simboli (majina ya vitendakazi) za GLIBC. Jibu lilikuwa `__isoc23_strtol`. Hatukuomba kitu kipya hata kimoja. Tunaita `strtol`, kitendakazi cha zamani mno cha kugeuza maandishi kuwa namba. Ila kuanzia glibc 2.38, msimbo unaotangaza `_GNU_SOURCE`, kama wetu, ukikompailiwa huelekezwa kwenye umbo jipya la kitendakazi hicho linalofuata kanuni za C23. Mstari mmoja wa kusoma mipangilio ulitosha kutufungia nje ya Debian 12.

Ipo pia `__libc_start_main`, mlango ambao kila programu ya C huingilia. Ilipata alama mpya ya toleo katika glibc 2.34. Maana yake, chochote kilichojengwa juu ya 2.34 au zaidi hakitawaka Debian 11, hata kiwe programu isiyofanya lolote.

Kuandika tegemezi kwa mkono kumeisha leo. Tunahamia `dpkg-buildpackage` na debhelper, vyombo vya Debian vya kujenga pakiti, na kazi ya kuhesabu tunamwachia `dpkg-shlibdeps`. Chombo hiki husoma simboli ambazo programu inazitumia kweli, kikaangalia kila moja iliingia maktaba katika toleo gani, kisha kikaandika kiwango cha chini kinachotosha. Mwenzangu alikuwa akisema tangu mwaka jana kwamba tukitumie. Alikuwa sahihi.

Siku ya 5

Kanuni ya wazee wa kazi hii: jenga kwenye mfumo wa zamani kuliko wote unaotaka kuuhudumia. Glibc hutunza simboli za zamani, kwa hiyo kilichojengwa nyuma huwaka mbele. Nimejenga kwenye Debian 11. Tegemezi la `libc6` limeshuka vizuri. Nikafurahi kwa muda wa saa moja hivi.

OpenSSL ndiyo iliyotibua. Debian 11 ina OpenSSL 1.1.1, na pakiti yake inaitwa `libssl1.1`. Ubuntu 22.04, Debian 12 na zote zilizofuata zina OpenSSL 3. Hizi ni maktaba mbili zisizobadilishana, na `libssl1.1` haimo kwenye hazina (ghala za pakiti) za matoleo hayo mapya. Kanuni ya wazee ni kweli kwa glibc, kwa kuwa watunzaji wake wamejifunga kutovunja kilichokwisha kutolewa. Maktaba nyingine haziko hivyo.

Tulijadiliana jioni nzima kama tubebe OpenSSL yetu ndani ya pakiti. Ingetatua tatizo mara moja. Nilikataa, na naandika sababu hapa ili nisije nikashawishika baadaye: siku hitilafu ya usalama ikigunduliwa kwenye OpenSSL, mtumiaji wa Debian huendesha `apt upgrade` na kila programu inayoitumia maktaba hiyo inapona kwa pamoja. Nakala iliyofichwa ndani ya pakiti yetu haitapona mpaka sisi tuamke, tujenge upya, na mtu apakue. Programu inayoshika mafaili ya watu na kuyapitisha kwenye mtandao haina haki ya kuwaweka wenyewe katika hali hiyo.

Kwa hiyo Debian 11 itapata pakiti yake peke yake. Lengo la faili moja limeshakuwa mafaili mawili.

Siku ya 8

Nimejenga kwenye Debian 12 na kujaribu faili hilo kwingine kote, kwenye mashine za biti 64. Ubuntu 22.04 imekubali, ingawa glibc yake ni ya nyuma kidogo: `dpkg-shlibdeps` ilikuwa imeandika `libc6 (>= 2.34)`, kwa kuwa ndiyo simboli ya juu tunayoigusa. Ubuntu 24.04 imekubali. Debian 13 imekubali. Faili moja, mifumo minne. Mwenzangu alitaka tuishie hapo.

Kilichonizuia kuitikia ni jina. Kwenye Ubuntu 24.04 na Debian 13 hakuna tena pakiti halisi inayoitwa `libssl3`, ipo `libssl3t64`. Vivyo hivyo `libcurl4t64` na `libarchive13t64`. Herufi hizo tatu zina historia ambayo kila anayefunga pakiti anapaswa kuijua. Mifumo ya ukoo wa Unix huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Kwenye mashine za biti 32, kaunta hiyo hujaa tarehe 19 Januari 2038 na kurudi nyuma. Debian na Ubuntu ziliamua kuipanua iwe biti 64, lakini kufanya hivyo hubadilisha umbo la data inayopita kati ya programu na maktaba. Maktaba zilizoguswa zikapewa majina mapya, ili programu ya zamani isije ikaunganishwa na maktaba mpya kimakosa.

Kwenye amd64 (kompyuta za kawaida za biti 64) kaunta ilikuwa biti 64 tangu mwanzo, hakuna kilichobadilika, kwa hiyo `libssl3t64` inatangaza kwamba inatoa pia `libssl3`. Ndiyo sababu pakiti yetu iliingia. Tulipita kwa hisani ya tangazo hilo.

Upande wa pili mambo ni magumu zaidi: deb iliyojengwa Ubuntu 24.04 inaomba `libssl3t64`, na Debian 12 haijawahi kulisikia jina hilo.

Siku ya 9

Nimejaribu kwenye ubao mdogo wa armhf, biti 32. Pakiti ya Debian 12 imekataliwa na Debian 13, kama nilivyotarajia. Huko hakuna tangazo la jina la zamani, maana umbo la data limebadilika kweli. Nimefurahi kwamba imekataa: programu ya kunakili inayosoma vibaya tarehe za mafaili ingefuta nakala sahihi ikidhani zimepitwa na wakati.

Watumiaji wetu kadhaa wana mbao hizi. Basi, kila toleo litajengewa pakiti yake. Msimbo chanzo mmoja, folda moja ya `debian/`, ujenzi mara tano. Mwenzangu amekubali. Mint 22 haihitaji ujenzi wake. Inakaa juu ya Ubuntu 24.04 na hutumia hazina zake.

Siku ya 11

Python. Ripoti yetu, ambayo haikuwa kwenye majaribio ya siku zilizopita, ilikuwa na moduli ndogo ya C kwa ajili ya kasi. Moduli ya namna hiyo hufungwa kwenye toleo moja la Python: jina la faili lina `cpython-311`, na debhelper ikaweka masharti kwamba Python iwe 3.11, chini ya 3.12. Ubuntu 22.04 ina 3.10, Debian 12 ina 3.11, Ubuntu 24.04 ina 3.12, Debian 13 ina 3.13. Hakuna mbili zilizolingana. Nilipima ripoti bila moduli hiyo na tofauti haikuonekana kwa jicho, kwa hiyo nimeiondoa.

Halafu ujenzi wa 24.04 ukasimama kwa sababu tuliomba `python3-distutils`. Distutils iliondolewa katika Python 3.12. Tumehamia setuptools.

Siku ya 12

Siku nzima ya kusimika `sbuild`, chombo cha kujengea pakiti, na mazingira safi matano kwa `debootstrap`. Kila ujenzi unaanza na mfumo mtupu, hivyo tegemezi lililosahaulika linajitokeza lenyewe. Mawili yamejitokeza: `pkg-config`, na maktaba ya zlib ambayo kumbe tulikuwa tunaitumia moja kwa moja. Ubuntu 20.04 tumeiacha rasmi. Debhelper yake haifikii kiwango cha 13 tunachokitumia.

Siku ya 14

Leo nimeshindwa kuendelea na kazi nyingine baada ya saa nne asubuhi.

Debian 11, 12 na 13 zimejenga salama. Ubuntu 22.04 na 24.04 zimekataa, kwa msimbo uleule. Kuanzia 21.04, Ubuntu hujenga pakiti zake kwa LTO, yaani kompaila husubiri hadi hatua ya kuunganisha, kisha huutazama msimbo wote kwa pamoja badala ya faili moja moja. Debian haikuifanya hiyo kuwa kawaida yake. Sisi wenyewe hatukuwahi kuiona, kwa kuwa tulikuwa tunaendesha `make` kwa mkono bila mipangilio ya distro.

Onyo lilisema hivi: kitendakazi cha kupima ukubwa wa faili kimetangazwa sehemu moja kwamba kinarudisha `int`, na sehemu nyingine kimeandikwa kirudishe `off_t`. Ya kwanza ni biti 32, ya pili biti 64. Kompaila ikisoma faili moja moja haiwezi kuona ugomvi huo, kwa sababu kila upande una mantiki yake. Matokeo ni kwamba faili la GB 5 lilionekana kwa sehemu moja ya programu kuwa la GB 1, na sehemu hiyo ndiyo inayoamua kama nakala imekamilika.

Nimelijaribu kwa faili kubwa, na ni kweli. Uhamishaji ukikatika baada ya GB 1, akiba inaandika kwamba nakala imekamilika.

Nimeandika tangazo kwa watumiaji wote kabla ya kugusa msimbo: wahakiki upya nakala za mafaili yenye ukubwa wa GB 2 na zaidi. Kisha nimerekebisha, nimeweka tangazo la kitendakazi kwenye faili moja la kichwa linalosomwa na pande zote mbili, na nimewasha LTO katika ujenzi wa Debian pia, iwe kipimo chetu cha kudumu. Toleo hili linakuwa 1.4.1.

Siku ya 17

Barua kutoka kwa mtumiaji aliyepandisha kompyuta yake kutoka Debian 11 kwenda 12. Tulikuwa tumempa pakiti ya majaribio ya `bullseye` (jina la Debian 11) wiki iliyopita, na ya `bookworm` (Debian 12) iko tayari kwenye hazina yetu. Anauliza kwa nini `apt` haimpi.

Namba zetu zilikuwa `1.4.0-1~bullseye` na `1.4.0-1~bookworm`. `dpkg` ikilinganisha sehemu za herufi hufuata alfabeti. Zote zinaanza na b. Herufi ya pili, o hutangulia u. Kwa hesabu ya `dpkg`, bookworm ni ya zamani kuliko bullseye, kwa hiyo `apt` ilimhurumia na kumwachia aliyo nayo. Na aliyo nayo inategemea `libssl1.1`, ambayo imebaki kwenye kompyuta yake bila hazina yoyote ya kuisasisha. Watengenezaji wa OpenSSL walifunga msaada wa kawaida wa tawi la 1.1.1 Septemba 2023. Ndilo jambo lile nililokataa kulifanya kwa makusudi siku ya 5.

Majina ya Ubuntu yangetudanganya kwa muda mrefu zaidi, maana focal (20.04), jammy (22.04) na noble (24.04) zinafuatana vyema. Lakini alfabeti nayo huisha: baada ya Zesty ya 17.04 ilikuja Artful ya 17.10.

Kuanzia sasa tunatumia namba za matoleo: `1.4.1-1~deb11.1`, `~deb12.1`, `~deb13.1`, `~ubuntu22.04.1`, `~ubuntu24.04.1`. Tarakimu `dpkg` huzilinganisha kama namba, hivyo 9 iko chini ya 13. Alama ya mawimbi mwanzoni ina kazi yake pia: huifanya pakiti yetu ihesabiwe kuwa ndogo kuliko `1.4.1-1` tupu, ili distro ikija kuifunga akiba yenyewe, ya kwao ishinde. Nimeongeza jaribio linaloita `dpkg --compare-versions` kwa kila jozi ya matoleo kabla ya kupakia chochote.

Siku ya 18

Hati yetu ya kuongeza hazina husoma jina la toleo kutoka `/etc/os-release`. Kwenye Mint 22 jina hilo ni `wilma`, na hazina yetu haina wilma. Mint huandika pia `UBUNTU_CODENAME=noble`; hati sasa inaangalia hapo kwanza. Kuna Mint nyingine, LMDE, iliyojengwa moja kwa moja juu ya Debian. LMDE 6 inakaa juu ya Debian 12. Jina la Mint peke yake, basi, halitoshi kukuambia umpe mtu pakiti ipi.

Siku ya 20

Mtumiaji wa Devuan, ndugu ya Debian isiyotumia systemd (msimamizi wa huduma za mfumo), ameandika. "Habari ndugu, pakiti yenu inaniomba systemd, na mimi niko huku kwa sababu siitaki. Programu yenyewe inaihitaji kweli?" Haiihitaji. Tulikuwa na tegemezi hilo kwa ajili ya ratiba ya usiku tu. Nimeliondoa, nikaongeza faili la cron, kipanga ratiba cha zamani, ambalo kwanza huangalia kama folda `/run/systemd/system` ipo. Ikiwepo, cron inanyamaza na kuiachia systemd kazi. Amejaribu, na ratiba yake ya usiku imekwenda. Nimemshukuru kwa kuuliza badala ya kuondoka.

Siku ya 23

1.4.1 imetoka, jenzi tano, amd64 na armhf. Mchana nimepitia barua zote za siku ya 1 na kumjibu kila mtu kwa jina la pakiti inayomhusu.

Yule wa siku ya 17, aliyehamia Debian 12, amekuwa wa kwanza kurudi. `apt upgrade` imempa `~deb12.1`. Kisha ameendesha `apt autoremove`, na kwenye orodha ya vinavyoondolewa `libssl1.1` imo.